Barua ya wazi kwa wanaosimamia elimu ya watu wazima Nyanda za Juu Kusini: liunganisheni darasa la jioni na kiwanda na wodi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Viongozi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW) na wa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA). Na Wakurugenzi wa Halmashauri zote za mikoa hiyo.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwezeshaji wa darasa la jioni la watu wazima katika Wilaya ya Mufindi, kwa heshima yote inayostahili kazi mnayoifanya. Ninalotaka kulisema ni moja. Elimu ya watu wazima katika mikoa yetu inamfikisha mwanakisomo mahali anapoweza kusoma, kuandika na kuhesabu, au hata kupata cheti cha kidato cha nne, kisha inamwacha hapo, ilhali viwanda na hospitali zilizo jirani naye zinaajiri kwa masharti ambayo darasa lake halikuwahi kumwandaa kuyatimiza. Naomba darasa hilo liunganishwe na kazi za kiwandani na za afya kwa utaratibu unaofahamika, uliotengewa fedha na unaoishia kwenye cheti kinachotambuliwa na mwajiri.

Kazi zenyewe zipo. Anayeingia Mkoa wa Iringa akitokea Morogoro anapita Ilula, penye mashamba ya nyanya na usindikaji wake. Iringa mjini kuna usindikaji wa maziwa. Mafinga kuna viwanda vya mbao, vya nguzo za umeme na cha pareto, na vile vya miti vinategemea sana Shamba la Miti la Sao Hill. Mgololo kuna kiwanda cha karatasi tangu miaka ya 1980. Viwanda vya chai vipo Mufindi, Njombe na Rungwe. Na Mbeya kuna saruji, bia na vinywaji baridi. Upande wa afya tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya pamoja na kitengo chake cha wazazi cha Meta, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Iringa, na hospitali za madhehebu ya dini ambazo wagonjwa huzifuata kutoka mbali, kama vile Ikonda kule Makete, Ilembula na Tosamaganga. Zote hizo, pamoja na wahandisi na madaktari, zinahitaji watu wengi wa ngazi ya kati na ya chini: waendesha mitambo, mafundi mchundo, wapima ubora, watunza stoo, wahudumu wa afya, wauguzi, wasaidizi wa maabara na wa famasia, watakasaji wa vifaa vya upasuaji. Hizo ndizo nafasi ambazo mtu mzima aliyekatisha shule anaweza kuzifikia, mradi awepo aliyempangia njia ya kufika.

Wanaokuja darasani kwetu si watu wasio na shughuli. Wengi ni vibarua: wachumaji wa chai, wabeba magogo, wafagiaji wa wodi, akina mama wanaouza chakula nje ya geti la kiwanda. Wameishi pembeni mwa mitambo na vitanda vya wagonjwa miaka mingi, na wanajua mengi ambayo mimi mwezeshaji wao siyajui. Yupo baba aliyezeeka akilisha magogo kwenye mashine za kupasulia mbao, hizi tunazoziita dingidongi, ambaye kwa kusikiliza tu anatambua kwamba msumeno umeanza kupoteza makali. Baba huyo hawezi kusoma tahadhari iliyobandikwa kwenye mashine anayoihudumia, wala hawezi kujaza fomu ya ajali mwenzake anapokatwa kidole. Angepandishwa kuwa msimamizi wa zamu angetakiwa kuandika taarifa kila jioni, na kwa sababu hiyo hapandishwi. Vijana aliowafundisha kazi wanakuja kuwa wakubwa wake. Mtu wa namna hii haji darasani kutafuta kusoma gazeti. Anakuja kwa sababu ya taarifa ile ya zamu, na darasa lisilomfundisha kuiandika halijamsaidia kwa kile kilichomleta.

Vitabu vinavyotufikia vina mema yake. Vinazungumzia kilimo, usafi wa nyumbani na biashara ndogo, na kwa mtu anayeanza na herufi vinatosha. Upungufu unaonekana katika hatua inayofuata. Katika kiwanda cha chai jani hunyaushwa, hukatwakatwa, huchachushwa, hukaushwa, kisha huchambuliwa kwa ukubwa, na katika kila hatua kuna joto, muda au unyevu unaopaswa kusomwa kwenye kipimo na kuandikwa. Chai iliyokauka vizuri hubaki na unyevu wa karibu asilimia 3, na asiyejua maana ya asilimia hawezi kuachiwa kikaushio peke yake. Katika usindikaji wa maziwa, njia moja inayotumika sana ya kuua vijidudu ni kuyapasha joto hadi nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15. Mwenye zamu anapaswa kusoma kipimo, kuweka kumbukumbu, na kujua la kufanya joto likishuka. Hakuna sababu ya mambo haya kutokuwa ndani ya somo letu la hesabu.

Mfano ninaoutumia mara nyingi zaidi unatoka hospitalini. Dawa ya klorini ya maji inayouzwa madukani huwa na nguvu ya asilimia 3.5, na inayohitajika kutakasia vifaa na sehemu zilizochafuliwa na damu ni ya asilimia 0.5. Ili kuipata, mhudumu huchanganya sehemu 1 ya dawa na sehemu 6 za maji, kwa kuwa 3.5 ukiigawa kwa 0.5 unapata 7, na sehemu 1 katika hizo 7 ndiyo dawa yenyewe. Hapo kuna somo zima la desimali, kugawanya na uwiano, na mwanakisomo anayelifanya akiwa na ndoo, kikombe na glavu mikononi halisahau. Akizidisha maji, vijidudu havifi. Akiyapunguza, dawa inaunguza ngozi na kuharibu vifaa. Kisha unamuuliza: duka likikuuzia dawa yenye nguvu tofauti, utafanyaje? Nimeona watu waliodai kwamba hesabu ziliwashinda tangu darasa la tatu wakibishana juu ya swali hilo mpaka giza linaingia. Somo kama hili halidai majengo mapya. Linadai mwezeshaji aliyeonyeshwa namna ya kulifundisha, na muuguzi mmoja kutoka zahanati ya jirani aliyeruhusiwa na mkubwa wake kuja darasani kwa saa moja.

Waheshimiwa, siombi jambo geni katika nchi hii. Tangu mwaka 1968 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliendeshwa Kanda ya Ziwa kwa ushirikiano na UNESCO, ukiwa na vitabu vilivyojengwa juu ya kazi za wasomaji wenyewe, kama pamba, ndizi na uvuvi. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu katika vikundi vya kusikiliza redio, na wakitoka hapo walikwenda kuchimba vyoo. Mwaka huohuo Waziri Mkuu, Rashidi Kawawa, aliagiza sehemu za kazi ziwe na elimu ya wafanyakazi. TEWW ikapata sheria yake mwaka 1975, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikaanza mwaka huo. Matunda yake yanajulikana: mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma, na kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha asilimia 9.6. Ninachokiona kimepotea tangu hapo ni lile darasa la ndani ya geti la kiwanda. Viwanda vingi vya umma vilifungwa au vilipata wamiliki wapya, na darasa halikuwa kitu ambacho mmiliki mpya alijiona ana wajibu wa kukiendeleza. Naamini serikali ilipaswa kumkumbusha, na bado inaweza.

Wengine wamefikia wazo hili kwa njia yao. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, vyuo vya jamii vilianza katikati ya miaka ya 2000 mpango uitwao I-BEST, ambao ndani yake darasa moja hufundishwa na walimu wawili: mmoja wa fani, iwe ya ufundi au ya kuhudumia wagonjwa, na mwingine wa kusoma, hesabu na Kiingereza. Mwanafunzi hangoji amalize kusoma ndipo aanze fani. Vyote viwili vinakwenda pamoja. Walimu wawili ni gharama, silikatai hilo. Lakini hapa kwetu tunaye mwalimu wa VETA upande mmoja wa mji na mwezeshaji wa kisomo upande mwingine, kila mmoja na wanafunzi wake, na wale wa mwezeshaji wanakosa fani huku wa VETA, baadhi yao, wakishindwa kusoma mchoro.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko mengine yote. Kozi nyingi za afya za ngazi ya cheti na diploma zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, zinadai ufaulu wa kidato cha nne katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Sharti hilo silipingi hata kidogo. Anayemchoma mgonjwa sindano na kupima kipimo cha dawa ya mtoto kwa uzito wake lazima awe amesoma sayansi, na yeyote atakayependekeza sharti lilegezwe kwa ajili ya watu wazima nitampinga kwanza mimi. Tatizo liko kwetu. Madarasa mengi ya watu wazima huandaa watahiniwa wa kujitegemea kwa masomo yasiyohitaji maabara: Kiswahili, Historia, Uraia, Jiografia. Mama anajiandikisha akiwa na nia ya uuguzi, anasoma usiku baada ya kulaza watoto, anafaulu Mtihani wa Maarifa unaomruhusu kufanya ule wa kidato cha nne, anafaulu kidato cha nne, na akienda kuomba chuo anaelezwa kwamba hana hata somo moja kati ya yanayotakiwa. Njia yake ilikatika siku ile ya kwanza alipojaziwa masomo, na hakuna aliyemweleza. Nimewaona waliofikwa na hili. Mmoja wao aliuza mahindi ya msimu mzima kulipia ada na mtihani.

Maabara zipo. Rais Jakaya Kikwete alipoagiza kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia, wananchi wa kata hizi walichanga fedha, wakasomba mawe na mchanga, na baadhi ya waliochanga ndio hawa ninaowafundisha. Jioni maabara hizo zimefungwa, na Jumamosi pia. Naomba kila halmashauri katika mikoa yetu ichague angalau shule moja yenye maabara inayofanya kazi, iifungue Jumamosi kwa watahiniwa wa kujitegemea, na imlipe mwalimu wa sayansi posho inayoeleweka. Naomba vilevile pawepo sharti kwamba mtu mzima asisajiliwe kwa masomo ya mtihani kabla hajaulizwa anataka kufanya kazi gani na kuonyeshwa masomo yanayodaiwa na kazi hiyo. Hili la pili halina gharama yoyote, na lingewaokoa wasichana waliorudi masomoni kupitia TEWW chini ya SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, ambao wengi bado ni vijana na wana miaka mingi ya kazi mbele yao.

Tena vyuo vya afya hufundisha kwa Kiingereza. Mtu mzima aliyesoma kwa Kiswahili peke yake anahitaji miezi ya maandalizi kabla ya kuingia chuoni, na maandalizi hayo yawe ya Kiingereza cha kazini: majina ya viungo vya mwili, maelekezo kwenye lebo ya dawa, namna ya kuandika kwenye faili la mgonjwa.

Ipo nafasi nyingine iliyo karibu zaidi. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano, kwa mafunzo ya miezi sita. Mpango huu nauunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu vijijini kwetu mhudumu huyu ndiye anayemkumbusha mjamzito kliniki na anayegundua kwamba mtu ameacha dawa za kifua kikuu. Ninachowaomba ni kwamba miezi hiyo sita iwe mwanzo wa kupanda. Mhudumu aliyefanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa awekewe darasa la sayansi la Jumamosi nililolieleza, ili akitaka kuwa muuguzi apate sifa bila kuacha kazi yake. Na wale waliojitolea miaka mingi katika kazi hiyohiyo lakini elimu yao haikutosha kuchaguliwa wapewe darasa kabla hawajapewa asante na kuachwa.

Kwa upande wa viwanda, VETA inao tayari utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao humpima fundi kwa kazi ya mikono yake na kumpa cheti. Ni utaratibu mzuri sana, na ningependa uje mpaka kwenye karakana za Mafinga, gereji za Mwanjelwa na viwanda vidogo vinavyolelewa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mara kwa mara kuliko sasa. Lakini mafundi wengi hawajitokezi kupimwa, na niliozungumza nao hawaogopi msumeno wala randa, wanaogopa karatasi. Wangepewa wiki chache za kusoma na kuhesabu kwa vifaa vya fani yao kabla ya upimaji, wakiandaliwa na mwezeshaji na fundi mwalimu kwa pamoja, wangejitokeza. Hata mpango wa uanagenzi, ambao kijana hugawa muda wake kati ya chuo na kiwanda, uwe na nafasi zilizotengwa kwa wenye zaidi ya miaka 30, maana hao ndio wenye familia.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama cha Ilula na cha Ulembwe, vingefaa kuwa makao ya jambo hili. Vina mabweni, vina karakana, vimezoea watu wazima, na vipo ambavyo mama anaweza kuja na mtoto wake akalelewa wakati yeye yuko darasani. Chini ya mpango wa Elimu Haina Mwisho wasichana walioacha shule wamesoma sekondari na ufundi ndani ya vyuo hivi, kwa hiyo hakuna haja ya kuanzia sifuri.

Kuhusu ratiba nitasema machache, kwa kuwa kila mwezeshaji anayajua. Darasa linaloanza saa tisa alasiri haliwezi kumpata mtu wa zamu ya mchana. Mvua zikianza, mkulima yuko shambani, na katika mashamba ya chai huo ndio wakati jani linapotoka kwa wingi. Ratiba ipangwe wilayani, na wanaoijua misimu ya wilaya hiyo.

Fedha ni swali la haki, nami nitalijibu nijuavyo. Waajiri wengi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara, na theluthi moja ya tozo hiyo imekusudiwa kwa ufundi stadi. Kiwanda kinacholipa tozo hiyo kila mwezi kina haki ya kuona kibarua wake akifundishwa kwa sehemu ya fedha hizo. Naomba mzungumze na waajiri wa mikoa hii, mkiwauliza wako tayari kutoa nini: chumba, saa moja ya kazi mara mbili kwa wiki, fundi mmoja wa kufundisha, mashine iliyochakaa ya kujifunzia. Naamini wengi watakubali, kwa kuwa wao ndio wanaoumia mtambo unaposimama kwa sababu aliyekuwa zamu hakuweza kusoma onyo. Wawezeshaji nao walipwe posho yao kwa wakati. Wapo wanaofundisha mwaka mzima kwa ahadi tu, na wazuri kati yao wanaondoka.

Halmashauri huandaa bajeti zao miezi kadhaa kabla ya Julai Mosi. Naomba, kabla ya mabaraza ya madiwani kupitisha bajeti ijayo, Afisa Elimu ya Watu Wazima wa kila wilaya akae meza moja na Mganga Mkuu wa Wilaya, mkuu wa chuo cha VETA au cha Maendeleo ya Wananchi kilicho jirani, na waajiri wawili watatu wa eneo lake, waandike ni kazi zipi zinahitaji watu, zinadai elimu gani, na darasa lipi litawaandaa. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kata, ili mwanakisomo anapokuja kujiandikisha aisome, au asomewe. Sisi wawezeshaji tuko tayari kuitwa kwenye kikao hicho, kwa gharama zetu wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwezeshaji wa darasa la jioni,
Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa